Nyumba ya Mtu Aliyeondoka

Mtu akirudi kwake akakuta mlango umefungwa kwa kufuli asilolijua, na ndani yasikika sauti ya mtoto mgeni akilia, afanye nini? Swali hili si la ngano. Watu wa Afrin, katika nchi ya Syria, wamelikuta mlangoni mwao. Nimelileta mbele ya vijana wasomaji kwa sababu lina pande zaidi ya mbili, nalo halimruhusu mtu kulijibu upesi na kwenda zake.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Afrin ni wilaya ya kaskazini-magharibi mwa Syria, nchi ambayo wazee wetu wa pwani waliizoea kwa jina la Shamu. Ni nchi ya vilima, imepakana na Uturuki, na tangu zamani sehemu yake kubwa iliitwa Mlima wa Wakurdi. Wakurdi ni kaumu kubwa iliyogawanywa na mipaka ya dola nne: Uturuki, Iraki, Irani na Syria. Baada ya Vita Kuu vya kwanza, mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920 uliwaonyesha njia ya kujitawala. Mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923, ulioshika mahali pake, haukuwataja. Wana lugha yao, ambayo si Kiarabu wala Kituruki. Wengi wao ni Waislamu, lakini katika Afrin walikuwamo pia Wayazidi na Waalevi, na Waarabu waliokaa nao kwa miaka mingi.

Utajiri wa Afrin ni mizeituni. Wengi wetu tumelijua jina la mti huu katika vitabu vya dini, wala hatujapata kuuona. Ni mti usio na haraka. Mpandaji hungoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma, kisha mti huishi umri wa vizazi vingi; mwaka mmoja huzaa sana, mwaka wa pili hupumzika. Mafuta yake huliwa, na mengine hupikwa sabuni, ile iliyoupa mji wa Aleppo sifa duniani. Nalieleza jambo hili kwa makusudi. Shamba la mahindi likiporwa, hasara yake yaweza kuhesabiwa kwa magunia. Shamba la mizeituni likiporwa, mporaji hachumi kazi ya msimu mmoja. Huchuma jasho la babu wa mtu mwingine, na huchuma kabla ya wakati urithi wa wajukuu ambao hawajazaliwa.

Tarehe 20 Januari 2018 jeshi la Uturuki liliingia Afrin, likifuatana na vikundi vya Wasyria ambavyo Uturuki ilivipa silaha na mishahara. Vita hivyo vilipewa jina la Tawi la Mzeituni, na aliyelichagua jina hilo alikuwa ama mtu wa mzaha au mtu asiyeona haya, maana tawi hilo tangu kale ni alama ya amani. Serikali ya Uturuki ilikuwa na hoja yake, na haki yataka tuitaje. Ilisema kwamba wapiganaji wa Kikurdi waliokuwa wakiitawala Afrin ni tawi la chama cha PKK, kilichoanza vita na Uturuki mwaka 1984, na kwamba dola yoyote ina haki ya kuulinda mpaka wake. Hoja hiyo yaweza kupimwa. Lakini hata mtu akiikubali yote, itaeleza kwa nini askari walivuka mpaka. Haielezi kwa nini mkulima hakuruhusiwa kurudi shambani mwake bunduki zilipokwisha kunyamaza.

Mji wa Afrin ulitekwa tarehe 18 Machi. Siku hiyo hiyo sanamu ya Kawa, iliyosimama katikati ya mji, ilivutwa ikaangushwa. Kawa ni mhunzi wa hadithi. Wakurdi husimulia kwamba alimwua mfalme dhalimu akawasha moto kilimani ili watu wajue kwamba wamekombolewa. Na kila tarehe 21 Machi, katika sikukuu yao ya mwaka mpya iitwayo Newroz, huwasha moto kumkumbuka. Kwa hiyo mhunzi aliangushwa siku tatu kabla ya sikukuu yake.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu zaidi ya 130,000 waliikimbia wilaya ile katika vita hivyo. Wengi wao walitua Tall Rifaat na vijiji vya jirani, mwendo usio mrefu kutoka makwao, wakakaa katika mahema na katika nyumba zilizobomoka nusu. Huko nyuma nyumba zao ziliingiliwa. Tume ya Umoja wa Mataifa ya kuchunguza mambo ya Syria iliandika mara nyingi katika ripoti zake habari za uporaji, za nyumba na mashamba yaliyotwaliwa, za mavuno ya mizeituni yaliyochukuliwa, na za watu waliokamatwa wasiachiliwe ila kwa fedha. Wapiganaji waliandika majina ya vikundi vyao ukutani, kama mtu atiavyo alama ng'ombe wake, ili kikundi kingine kijue kwamba nyumba hiyo imekwisha kupata bwana. Mahali patakatifu pa Wayazidi pakaharibiwa.

Kufika hapa hukumu ni nyepesi. Mwivi ni mwivi, na kijana yeyote mwenye malezi atamkataa. Ugumu waanza na mtu wa pili.

Pembeni mwa mji wa Damasko kuna mahali paitwapo Ghuta ya Mashariki. Watu wake waliasi utawala wa Bashar al-Assad, naye akawazingira tangu mwaka 2013. Walipigwa mabomu, tarehe 21 Agosti 2013 walipigwa kwa gesi ya sumu, wakaonja njaa kali miaka mitano. Katika Machi na Aprili 2018, siku zile zile Afrin ilipokuwa ikitekwa, wapiganaji wao walishindwa, na makumi ya maelfu ya watu wakapakiwa katika mabasi wakapelekwa kaskazini. Hawakuchagua safari ile. Na kaskazini kulikuwa na nyumba tupu.

Tumfikirie baba ashukaye katika basi hilo na watoto wake. Hana hema, hana fedha, hana pa kurudi, maana nyumba yake ya Ghuta ama imekuwa kifusi ama imetwaliwa na watu wa serikali. Mpiganaji amwonyesha mlango: ingia humu, mwenyewe ameondoka. Ndani mna vyombo jikoni na picha ya arusi ukutani. Je, mtu huyu naye ni mwivi?

Nililileta swali hili katika darasa langu la Kidato cha Tatu, nami nilikuwa na jibu langu tayari, kama sisi walimu tunavyozoea. Nilisema kwamba haja haigeuki kuwa haki. Mtu mwenye njaa aingiapo katika shamba la mwingine akala apate kuokoa roho yake, mafundisho mengi ya wanadamu humsamehe. Lakini akisha kushiba hawezi kusema kwamba shamba sasa ni lake. Vivyo hivyo, haja humpa mtu idhini ya kuingia akajikinge na baridi, haimpi idhini ya kubadili kufuli. Darasa likaridhika, nami nikaridhika zaidi.

Ndipo mwanafunzi mmoja, mtulivu, asiyependa kusema mbele ya wenzake, akasimama akauliza: "Mwalimu, na mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo je? Yeye kwao ni wapi?"

Sikumwuliza kwa nini auliza. Katika nchi yetu swali la kwao mtu ni wapi lina miiba yake, na mwalimu mwenye busara halichokonoi hadharani. Lakini sikuwa na jibu, na kengele ikanisaidia. Tangu siku hiyo nimelitafuta, na kulitafuta kumenirudisha nyuma katika historia ya Wakurdi hao hao, maana yaliyotukia Afrin hayakuwa mageni kwao.

Tarehe 5 Oktoba 1962 serikali ya Syria iliwahesabu watu wa jimbo la Hasaka, kaskazini-mashariki, kwa siku moja tu. Mtu alitakiwa kuthibitisha kwamba aliishi Syria tangu kabla ya mwaka 1945. Ni wakulima wangapi wenye karatasi za namna hiyo? Jua lilipokuchwa, Wakurdi wapatao 120,000 walikuwa wamepoteza uraia. Baadhi yao waliandikwa ajinabi, neno ambalo Kiswahili nacho kimelirithi kutoka Kiarabu kwa maana ile ile ya mgeni. Wengine hawakuandikwa kabisa. Ajinabi hakuweza kumiliki ardhi wala kupata pasi ya safari, na watoto wake wakazaliwa maajinabi katika kijiji alichozaliwa babu yao. Hawakuhamishwa hata hatua moja. Nchi ndiyo iliyohamishwa chini ya miguu yao. Amri ya kuwarudishia uraia wengi wa walioandikwa hivyo ilitolewa mwezi wa Aprili 2011, karibu miaka 50 baadaye, watu walipokwisha kuanza kuiasi serikali.

Kisha likaja bwawa. Kwenye mto Frati, mahali paitwapo Tabqa, serikali ilijenga bwawa kubwa, na maji yake, yalipojaa katika miaka ya 1970, yakafunika vijiji vingi vya Waarabu. Watu hao wakaitwa kwa Kiarabu maghmurin, yaani waliofunikwa na maji. Serikali iliyowazamishia mashamba ikawapa mengine: ikachukua ardhi katika jimbo lile lile la Hasaka, kando ya mpaka wa Uturuki, ardhi nzuri ya ngano iliyokuwa ya Wakurdi, ikawajengea jamaa zipatazo 4,000 vijiji 41. Nia ilikuwa kukata ukanda wa Waarabu kati ya Wakurdi wa Syria na ndugu zao wa ng'ambo. Mpango wa kuwafukuza Wakurdi wote wa ukanda ule ulisimamishwa mwaka 1976, lakini vijiji vilibaki, na ardhi haikurudi.

Angalia ustadi wa jambo hili. Mkulima wa Kikurdi akitazama ng'ambo ya uwanja, amwona mtu aliyechukua shamba lake. Mtu huyo ni Mwarabu maskini, naye amchukia. Mwarabu maskini akitazama ng'ambo, amwona mtu anayemchukia bila yeye kumfanyia kosa ajualo, maana yeye alitaka shamba lake mwenyewe, ambalo sasa samaki wanapita juu yake. Wawili hawa watagombana vizazi viwili. Aliyewagombanisha ameketi ofisini katika mji mkuu, wala hayumo machoni mwa mmoja wao. Dhulma ya kawaida huwa na mdhulumu na mdhulumiwa. Dhulma hii ina wadhulumiwa wawili, mmoja amekalishwa juu ya mgongo wa mwenziwe, na mdhulumu hahitaji hata kuwapo.

Ndivyo ilivyokuwa Afrin pia, na ndiyo sababu sipendi maneno ya wale wasemao kwamba Waarabu wamewala Wakurdi. Maneno hayo yamsamehe mpangaji na kumhukumu aliyepangwa. Tena hayana ukweli wote, kwa kuwa mkono wa Kikurdi nao umepata kushika moto huu. Mwaka 2015 shirika la Amnesty International lilieleza jinsi wapiganaji wa Kikurdi walivyobomoa nyumba za Waarabu katika vijiji kadhaa vya kaskazini mwa Syria, wakiwashuku wenyewe kuwa wafuasi wa maadui. Wakuu wa Kikurdi walikanusha kwamba huo ulikuwa mpango. Nalitaja hili ili kijana asije akadhani kwamba kudhulumiwa kwamtakasa mtu. Wakati mwingine kwamfundisha kazi tu.

Katika Afrin mashirika ya sadaka, mengine ya nchi za Ghuba, yalijenga vijiji vipya juu ya vilima kwa ajili ya wale waliohamishwa kutoka pande nyingine za Syria. Nyumba za matofali, msikiti, shule. Aliyetoa fedha zake mbali huko alitoa kwa moyo safi, naamini, apate kumfunika yatima. Lakini kilima kile kilikuwa cha nani? Mafakihi wa Kiislamu walijadili tangu kale kama sala isaliwayo katika ardhi iliyoporwa yasihi. Wengi wao walisema kwamba yasihi lakini msalaji ana dhambi. Wafuasi wa Imamu Ahmad bin Hanbal, katika kauli yao mashuhuri, walisema kwamba haisihi kabisa. Ikiwa sala yenyewe imetiwa shaka kwa sababu ya udongo ulio chini yake, sembuse sadaka? Na wanafunzi Wakristo wamjua Nabothi, ambaye mfalme Ahabu alimwahidi fedha au shamba bora zaidi kwa shamba lake la mizabibu. Nabothi hakulitaka shamba bora zaidi. Alilitaka lile la baba zake, nalo likamgharimu roho yake.

Wala nyumba na shamba si mwisho wa jambo. Katika shule za Afrin Kituruki kilianza kufundishwa, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Gaziantep, cha Uturuki, kiliamriwa kufungua kitivo cha elimu mjini humo. Habari hii ilinigusa kuliko nyingine, kwa kuwa mimi nimetoka katika chuo cha ualimu, nami najua kinachofanywa huko. Askari hukaa mjini kadiri ya chakula na risasi zake. Mwalimu hukaa ndani ya ulimi wa mtoto. Sisemi kwamba lugha yoyote ni mbaya kujifunza. Mwenye lugha tatu ni tajiri kuliko mwenye moja. Lakini mtoto wa Kikurdi akifundishwa kwa lugha ya waliomtwalia baba yake shamba, huku lugha ya mama yake ikisukumwa pembeni, atakapokuwa mtu mzima hatakuwa na maneno ya kusimulia kilichotokea.

Sheria ya mataifa haikulinyamazia jambo hili. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, katika kifungu chake cha 49, unakataza kuwahamisha kwa nguvu wakaaji wa nchi iliyokaliwa na jeshi la kigeni, na unamkataza mwenye kuikalia asiwahamishie humo raia wake mwenyewe. Mwanafunzi mwepesi wa akili ataona mara moja ufa ulioko. Watu wa Ghuta si raia wa Uturuki. Ni Wasyria waliotiwa katika nyumba za Wasyria. Waandishi wa mwaka 1949 walimfikiria mshindi apandaye watu wake katika shamba la mshindwa. Hawakumfikiria apandaye washindwa wa vita vingine.

Narudi kwa swali la mwanafunzi wangu. Mjukuu wa wale waliofunikwa na maji amezaliwa katika kijiji cha Hasaka, amechunga mbuzi huko, amemzika bibi yake huko. Kumwambia arudi kwao ni kumwambia aende chini ya ziwa. Kwake ni pale. Sasa naliamini hili, ijapokuwa siku ile darasani nisingalilikubali. Lakini kukubali kwamba kwake ni pale hakufuti ya kwamba pale palikuwa pa mtu, na mtu huyo ana jina, na wanawe wangali hai. Muda waweza kumpa mtoto makao. Hauwezi kumlipa mwenye shamba. Deni la mwenye shamba halimwangukii mtoto wala halipotei hewani. Lamwangukia aliyepanga, yaani dola, nayo ndiyo yenye hazina, yenye ardhi nyingine, na yenye vitabu ambamo jina la mwenye shamba lilifutwa. Hukumu imfukuzayo mtoto kwa ajili ya mwenye shamba ni ile kazi ya kwanza ikifanywa upya kwa mkono mwingine.

Na baba wa Ghuta je, yeye hana wajibu? Anao, nami nauona kuwa mzito. Magazeti ya mwaka 2018 yalisimulia habari za baadhi ya watu wa Ghuta waliokataa kuingia katika nyumba za Wakurdi, wakisema kwamba hawawezi kumfanyia mwingine lile walilofanyiwa wao. Siwezi kumtaka kila mtu awe kama hao. Mwenye watoto wanaotetemeka kwa baridi hapimwi kwa mizani ya mwenye blanketi. Lakini aliyeingia aweza kuacha picha ya arusi ukutani. Aweza kutokata mzeituni kwa ajili ya kuni, na mizeituni mingi ilikatwa Afrin katika miaka ile. Aweza kumwambia mwanawe: nyumba hii ni ya watu, sisi tumejihifadhi tu. Maneno haya ni machache na hayana gharama, lakini yabadili kile mtoto atakachokipigania akiwa na miaka 20.

Mwishoni mwa mwaka 2024 mambo yaligeuka kwa haraka. Vikundi vilivyosaidiwa na Uturuki viliteka Tall Rifaat, na watu wa Afrin waliokuwa wamejihifadhi huko wakahamishwa mara ya pili, wengi wao wakaelekea mashariki, ng'ambo ya mto Frati. Tarehe 8 Desemba 2024 utawala wa Assad ukaanguka, na watu wa Ghuta wakaweza kurudi kutazama vifusi vyao. Tarehe 10 Machi 2025 rais mpya, Ahmed al-Sharaa, na jemadari wa majeshi ya Kikurdi, Mazloum Abdi, walitia sahihi mapatano, na kifungu kimoja kilisema kwamba Wasyria wote waliohamishwa warudi makwao. Katika mwaka huo jamaa nyingi zilirudi Afrin. Wengine walikuta nyumba zao wazi na tupu, hata milango na nyaya za umeme zimeng'olewa. Wengine walikuta mtu ndani, naye akataka fedha kwanza ndipo atoke, akisema kwamba ametengeneza paa au kwamba yeye naye aliinunua kwa mpiganaji aliyekwisha kwenda zake. Wenye hati za ardhi walizitoa mifukoni. Wasio na hati iliwabidi wamtafute jirani wa zamani awezaye kushuhudia kwamba mizeituni hii, kutoka jiwe hili hata ukuta ule, ilikuwa ya fulani bin fulani. Na mara nyingi jirani huyo naye alikuwa bado hajarudi.